Kovu la Mwimo

Nilikwenda kwa ajili ya viti.
Sitini, mbao za mwarobaini, nimeviunda mimi kwa tamasha lao,
nami sijaona hata thumni.
Nikakalia kile chenye mguu mlegevu,
asije mgeni akaanguka akauliza fundi ni nani.

Ua wa Ngome. Shuka ya Bi Shufaa imewambwa ukutani,
upindo wake wa maua mekundu
ukijitokeza kila picha inapong'aa.

Sinema ya kwanza, harusi: bwana arusi akaponda gilasi kwa kisigino,
na wanawake nyuma yangu wakapiga vigelegele
kabla hata ya wale wa kwenye shuka.
Ya pili, mzee wa Kihabeshi, mwavuli wa nyuzi za dhahabu:
"Nilikuwa Myahudi mlimani kwetu.
Nimefika kwa Wayahudi, naambiwa nithibitishe."
Twalibu akanigonga kiwiko:
"Huyu tulikuwa naye foleni ya vitambulisho."
Tukacheka, kicheko cha waliokwisha kuulizwa
jina la babu wa babu.

Ya tatu ilikuwa na theluji.
Gitla, mwanamke wa makamo, koti la kuazima,
anabisha hodi nyumba iliyokuwa ya babu yake.
Wenyeji wapya wanamtilia chai.
Hatazami jiko, hatazami dirisha.
Anakwenda mlangoni, mwimo wa kulia,
na kamera inamfuata kama mtoto:
pale, usawa wa bega, pengo la mshazari,
urefu wa kidole, limezibwa kwa rangi ya kijani.
Saumu wa maktaba, kipaza sauti kikimkwaruza, akafasiri:
"Hapa palikuwa na kibweta. Ndani ya kibweta, ngozi.
Juu ya ngozi, maneno.
Aingiaye hugusa, kisha hubusu vidole."

Wengine waliona machozi ya Gitla. Mimi niliona kazi.
Patasi ya nusu inchi. Misumari miwili, juu na chini.
Aliyechonga hakuwa na haraka.
Aliyepaka rangi ndiye aliyekuwa na haraka.

Umeme ukakatika.
Kizani kijana mmoja akapata sauti:
"Na wanaobomolewa nyumba leo, sinema yao lini?"
Hakuzomewa. Jenereta ikakohoa, ikagoma.
Bi Shufaa akasema, "Swali lako lina kiti, mwanangu.
Kaa nalo, usiondoke."
Akakaa. Nilisikia kiti kikilia.

Nami katika kiza hicho hicho nilikuwa kwingine,
Mkomani, mwaka ule wa lodji,
mbele ya mlango wa akina Mwana Jaha, umeshanunuliwa:
kwenye kizingiti cha juu jina la babu yao, na mwaka,
na dua fupi kwa wenye kuingia.
"Lainisha," nikaambiwa. "Wageni wanapenda maua matupu."
Nikachanganya gundi na unga wa mbao,
nikajaza herufi moja moja kama anayelisha mgonjwa,
nikapiga msasa hadi kidole kisijikwae.
Nilisifiwa.
Nililipwa siku ile ile.

Taa ziliporudi Gitla alikuwa bado mlangoni,
kidole chake ndani ya pengo.
Sikungoja mwisho.

Vichochoro. Punda amelala njiani, nikamruka.
Mlango wa lodji una taa yake, hafifu, ya kupendeza wageni.
Nikapanda barazani, nikanyoosha mkono juu, nikapapasa.
Mvua za miaka tisa zimekula unga wangu.
Penye mim pamebonyea. Penye ha pana mchanga.
Askari akatoka, tochi usoni mwangu:
"Watafuta nini hapo, fundi?"
"Kazi yangu," nikamwambia. "Niliifanya vizuri mno."
Nikamwomba anishikie tochi.
Akaishika.
Juu kidogo, nikasema.
Juu kidogo.